Gari la Marehemu Baba: Kung'arisha Si Kuficha



Wasomaji wetu wapenzi, mara nyingi safu hii huzungumzia yaliyomo ndani ya nyumba: malezi, jiko, afya na masikilizano ya watu wa familia. Wiki hii naomba ruhusa nitoke nanyi hadi uani, chini ya mwembe, palipokuwa pameegeshwa gari la marehemu baba yetu, Allah amrehemu. Pale, katika asubuhi nne za kusugua rangi, nilipata elimu ya mikono ambayo mama yeyote anaweza kuitumia. Nilipata pia mtihani wa mirathi ambao huenda ukabisha hodi katika nyumba yoyote.

Gari lenyewe ni Mercedes-Benz 240D ya mwaka 1982, ya umbo lile ambalo kiwanda kililiita W123. Magari ya umbo hilo yalianza kuuzwa Ujerumani mwaka 1976, yakakoma kuundwa mwaka 1986, na kwa jumla yalitengenezwa takriban milioni 2.7. Wengi wenu mtalikumbuka kwa nyota yake juu ya boneti na kwa ngurumo ya dizeli iliyotangulia mgeni mlangoni. Baba alilinunua likiwa limekwisha tumika, la rangi ya buluu iliyokoza, na kila Alhamisi jioni alilipangusa kwa mkono wake ili kesho yake aende nalo msikitini.

Alipofariki, gari lilikaa chini ya mwembe miezi kumi na mmoja. Mama alikuwa katika eda yake ya miezi minne na siku kumi, kisha tukashughulika na madeni na hati. Wakati huo wote utomvu wa mwembe ulilidondokea, kunguru walilichafua, vumbi la kaskazi lililala juu yake, mvua za masika zikaligandisha, na hewa ya chumvi ya bahari haikulipa likizo hata siku moja. Tulipolitazama tena, ile buluu ilikuwa imepauka ikawa na ukungu mweupe, kama ubao wa darasani uliofutwa kwa kitambaa kikavu.

Kwa kuwa gari ni mali ya warithi wote, tulikubaliana liuzwe. Mama angepata thumuni yake, na sisi watoto tungegawana kilichobaki kama sheria ilivyopanga. Kaka yetu mkubwa alikuwa na haraka, na simlaumu, kwani karo ya mwanawe ilikuwa imefika. Akamleta dalali. Dalali akalizunguka gari mara mbili, akasema, "Mama, hili wapeni vijana wa mashine asubuhi moja tu. Litang'aa, na Ijumaa litakuwa limeondoka."

Mama alikuwa amekaa barazani. Akamjibu kwa upole, "Mwanangu, nipeni wiki moja. Sitaki kuuza kitu ambacho mimi mwenyewe sijui kina nini."

Kaka akaridhia shingo upande. Nami nikaenda kumwita mzee mmoja, fundi wa rangi wa siku nyingi, ambaye baba alimwamini.

Rangi ni akiba

Mzee yule hakuja na mashine. Alikuja na mikono mitupu, akapitisha kidole juu ya boneti, kisha akanionyesha: ncha ya kidole ilikuwa na unga wa buluu.

"Mwanangu," aliniambia, "hii ni rangi ya tabaka moja. Rangi ndiyo hiyo hiyo na mng'aro ndio huo huo. Magari ya siku hizi, na hata ya wakati ule yaliyokuwa na rangi ya metaliki, yana rangi chini na klia juu yake. Hili la baba yako halina klia. Jua limekula uso wake, ukawa unga. Chini ya unga huo rangi bado ipo, lakini sijui imebaki kiasi gani."

Nikamuuliza kwa nini basi tusiwape vijana wa mashine wauondoe unga huo kwa mara moja. Akaniuliza kama nyumbani tuna masinia ya shaba. Nikasema tunayo.

"Sinia la shaba tupu," akasema, "utalisugua kwa majivu na ndimu kila Idi, nalo litabaki sinia. Lakini birika la shaba lililopakwa fedha, kila unapolisugua unaondoa fedha kidogo, hata siku moja shaba inachungulia. Rangi ya gari ni kama ile fedha."

Maneno hayo yalinifungua macho, na ndiyo msingi wa yote ninayowaeleza leo. Wengi wetu hudhani kwamba kupiga polishi ni kuongeza kitu juu ya rangi. Kumbe polishi ina chembe ndogo mno za kukwangua, mfano wa msasa laini kupita kiasi, na kazi yake ni kuondoa. Uso wa rangi ukiwa na unga na mikwaruzo, mwanga unaouangukia hutawanyika kila upande, nasi tunaona ukungu. Uso ukisawazishwa, mwanga hurudi kwa pamoja, nasi tunaona mng'aro. Basi kila mng'aro wa polishi umelipiwa kwa rangi kidogo.

Na rangi yenyewe ni haba. Unene wake hupimwa kwa maikroni, na maikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Unywele wa mtu una unene wa takriban maikroni 70. Rangi yote ya kiwandani, kuanzia tabaka la kuzuia kutu lililoshika bati hadi uso wa juu, kwa kawaida ni maikroni 100 hadi 150 hivi, yaani kama nywele mbili. Katika magari yenye klia, klia peke yake huwa takriban maikroni 40 hadi 50. Mashine iendayo kasi, mkononi mwa kijana aliyeambiwa amalize kabla ya adhuhuri, ikitulia mahali pamoja hupandisha joto na kula akiba hiyo kwa muda mfupi sana. Hasa kwenye kingo za milango na mistari ya bodi, ambako rangi ni nyembamba zaidi, hapo ndipo bati huonekana kwanza. Rangi ikiisha haina polishi ya kuirudisha. Dawa yake ni kupaka upya, na gharama yake mnaijua.

Kazi ya asubuhi nne

Mzee alituelekeza, nasi tukafanya wenyewe: mimi, dada yangu, na mtoto wa kaka, yule yule mwenye karo. Nawapa hatua zetu kwa utaratibu, kwa kuwa zinafaa gari lolote lililozeeka.

Kwanza, vua pete, bangili na saa, na funika bizimu ya mkanda. Mikwaruzo mingi hutokana na mtu anayesafisha, wala si barabara. Ifanye kazi kivulini, asubuhi, bati likiwa baridi. Gari lililotoka juani hukausha sabuni kabla hujaisuuza.

Pili, kuosha. Mimina maji kwanza ili mchanga uondoke kabla ya kugusa rangi. Kisha tumia ndoo mbili: moja ya sabuni, nyingine ya maji matupu ya kusuuzia kitambaa kila kabla ya kukirudisha kwenye sabuni. Anza juu, paani, ushuke. Sehemu za chini zina mchanga mwingi, ziwe za mwisho. Tumia sabuni ya kuoshea magari. Sabuni ya vyombo huondoa mafuta yote pamoja na nta ya zamani, kwa hiyo inafaa mara moja tu kabla ya kupiga polishi, wala si kila wiki. Na jambo moja la kwetu: maji ya visima vyetu vingi kisiwani yana chumvichumvi. Yakikaukia juu ya rangi huacha madoa meupe. Suuza mara ya mwisho kwa maji matamu, hata ndoo moja, kisha kausha papo hapo kwa taulo laini.

Tatu, utomvu na uchafu wa ndege. Usikwangue kwa kucha wala kwa kisu. Lowesha kitambaa kwa maji ya vuguvugu, kilaze juu ya doa mpaka lilainike, kisha lipanguse kwa upande mmoja. Uchafu wa kunguru usingoje hata siku moja, kwani hula rangi, na jua letu huuharakisha.

Nne, pitisha kiganja juu ya rangi iliyokwisha oshwa. Ukisikia ukwaru, kuna chembe zilizojichomeka. Wauzaji wa vifaa vya magari wana udongo maalumu wa kusafishia rangi, mfano wa ule wa watoto wa kufinyangia. Lowesha rangi kwa maji yenye sabuni, ulitelezeshe donge hilo bila kukandamiza, nalo litazing'oa chembe hizo. Likianguka chini, litupe; mchanga ulioingia ndani yake utakuwa msasa.

Tano, ndipo polishi. Chagua mahali pasipoonekana sana, futi mbili kwa mbili, ujaribu polishi iliyo laini kuliko zote. Ikitosha, usitafute kali zaidi. Ziba kingo, mistari ya bodi na mipira ya vioo kwa utepe wa karatasi wanaotumia mafundi wa rangi. Paka kidogo kwa sponji, sugua kwa wororo, futa kwa kitambaa cha maikrofaiba. Kitambaa chetu kiligeuka buluu papo hapo, mtoto akashtuka: "Shangazi, tunaivua rangi!" Nikamwambia ndivyo, na ndiyo sababu hatusugui mara mbili palipokwisha ng'aa. Katika gari lenye klia kitambaa hakitashika rangi. Likishika, simama mara moja, klia imekwisha.

Mikwaruzo mirefu tuliiacha. Mzee alisema mkwaruzo ambao ukucha unanasa ndani yake umeshuka mno. Kuufuta ni kuteremsha rangi yote ya pembeni mpaka kina chake. Tulipunguza ukali wake, tukaridhika.

Sita, nta. Hapa ndipo kitu huongezwa. Nta isifiwayo zaidi ni ya kanauba, itokayo katika makuti ya aina ya mtende uotao kaskazini mashariki mwa Brazili. Mti huo hujipaka nta kwenye majani ili ukame usiyanyonye maji. Watu huyakata, huyakausha na kuyapiga mpaka nta idondoke. Sisi watu wa minazi tusishangae kwamba kuti laweza kuhifadhi gari. Paka tabaka jembamba, liache likauke kidogo, lifute. Kwa jua na chumvi ya pwani, irudie kila mwezi mmoja au miwili.

Na mwisho, palipofichika: toa majani yaliyojazana chini ya kioo cha mbele, na uzibue kwa kijiti matundu ya kutolea maji chini ya milango. Magari haya huanza kuoza ndani, maji yakituama. Mng'aro wa nje hautazuia kutu inayotoka ndani.

Nawaonya pia juu ya desturi ya kupangusa gari kwa mafuta ya taa au dizeli ili liwake. Huwaka siku ile. Kesho yake vumbi limenasa, na kitambaa kitakachopangusa vumbi hilo kitakwaruza.

Mlango wa nyuma

Asubuhi ya tatu boneti na paa vilikuwa vimerudi kuwa buluu ya usiku. Mama alitoka barazani akajitazama ndani ya boneti, hakusema neno, akarudi ndani. Tukaendelea na milango. Ule wa nyuma, upande wa kushoto, ukakataa. Uling'aa, ndiyo, lakini mstari wa paa la nyumba ulioakisiwa ndani yake ulipindapinda kama ulioonekana ndani ya maji, na buluu yake ilikuwa ya upande mwingine kidogo.

Mzee akaomba sumaku ile ya jokofu. Akaifunga kwa kitambaa chembamba, akaitembeza. Kwenye mlango wa mbele ilishika. Kwenye ule wa nyuma, katikati, ilidondoka. "Pati," akasema. "Bati limebonyea, likajazwa, likapakwa rangi. Kazi nzuri, lakini ni pati." Tulipofungua mlango na kutazama ukingo wa chini, tuliona kutu imeanza kuvimbisha rangi.

Hakuna aliyejua. Huenda lilipondeka kabla baba hajalinunua. Ukungu ule wa miaka ndio uliolificha jambo hili, na polishi ndiyo iliyolidhihirisha.

Jioni dalali akaja. Alifurahi sana kwa boneti, na tulipomwonyesha mlango hakushtuka. Alisema ipo nta yenye rangi ya kuzibia tofauti, na yapo mafuta ya kujaza mikwaruzo na mawimbi yasionekane. Yatakaa wiki kadhaa, na wiki kadhaa zinatosha. "Tuliegeshe upande huo ukutani," akaongeza. "Mnunuzi ana macho, atazame mwenyewe."

Kaka alinyamaza. Kisha akasema, na naiheshimu kauli yake kwa kuwa ilikuwa ya kweli, "Mimi nina mtoto aliyerudishwa nyumbani. Kila shilingi itakayopungua hapa, nitaikopa kwingine."

Tulikaa usiku ule tukizungumza. Dada alikumbusha kisa tunachokijua sote, cha Mtume (S.A.W.) kupita sokoni, akatia mkono katika rundo la chakula, vidole vyake vikakuta unyevu chini ya kilichoonekana kikavu, na jinsi alivyomkemea muuzaji kwa kutouweka unyevu ule juu watu wauone. Mwenye rundo hakusema uongo. Alipanga tu. Na kuliegesha gari upande wa ukuta ni kupanga vile vile. Isitoshe, katika fiqhi mnunuzi aliyefichwa aibu ya bidhaa ana khiyari ya kuirudisha. Tungegawana fedha ambazo huenda si zetu, na ndani yake mna thumuni ya mjane.

Mama alitusikiliza, kisha akamgeukia kaka. "Baba, kama ni karo, sehemu yangu ianze kwa mjukuu wangu. Lakini mlango ule utaonyeshwa." Kaka akainamisha kichwa. "Haya, mama. Utaonyeshwa."

Mnunuzi wa kwanza alionyeshwa mlango akaenda zake, hakurudi. Dalali naye akatuacha. Wiki tatu zilipita, na sitawaficha kwamba katika wiki hizo wapo waliotucheka. Wa pili alikuwa mtu wa Kilifi, mpenzi wa magari ya zamani. Tulimwonyesha boneti tuliyoisugua kwa mikono, kisha tukampa sumaku atembeze mwenyewe. Akapunguza shilingi elfu arobaini kwa ajili ya mlango. Tulipatana, akalipa, akaondoka nalo kabla ya laasiri. Tuligawana siku ile ile, kila mtu haki yake. Kilichopungua kilitupunguza sote, na karo ililipwa nusu kwa mirathi na nusu kwa mkopo ambao kaka angali anaulipa. Nasi madada tunamsaidia.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ningependa kuwaambia kwamba ukweli wetu ulituletea bei kubwa zaidi, lakini haikuwa hivyo. Ulituletea bei ya kitu kilivyo.

Basi, mama mwenye gari la zamani uani, liwe la mume, la baba au lako mwenyewe: usiogope kulishika. Lioshe kwa upole kila wiki, lipake nta kila baada ya mwezi au miwili, na polishi iwe nadra, mara moja kwa mwaka au pungufu ya hapo, kwani unachoondoa hakirudi. Akija mtu na mashine, muulize kwanza atatumia polishi gani na atazibaje kingo. Asipojua kujibu, mshukuru na umwage. Na ukiwa waliuza, lisafishe kwa ajili ya kulijua kabla ya kulisafisha kwa ajili ya kulipamba. Utakachokikuta, kionyeshe.

Allah awarehemu wazee wetu waliotangulia, na azitie baraka riziki zetu. Tukutane wiki ijayo, inshallah.

Wassalaam.